Barua ya wazi: Lami imefika Suam, mazao bado yako mlimani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi wa Uganda. Kwa wenyeviti na wahandisi wa wilaya za Kapchorwa, Kween na Bukwo. Na kwa wabunge wetu wa Sebei, eneo la wilaya hizo tatu.

Waheshimiwa,

Nianze na shukrani, maana mnazistahili. Barabara ya kutoka Kapchorwa hadi Suam, mpakani na Kenya, kilomita 73, leo ina lami. Aliyeijua ile ya zamani, ukimfunga kitambaa machoni na kumfungulia pale Kapkwata, atakuuliza umemleta nchi gani. Mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioijenga tutaulipa sote, na sisi wa huku hatuna kinyongo na deni hilo.

Lakini mashamba yetu hayako kando ya lami. Viazi viko juu, karibu na mpaka wa hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon. Kahawa iko kwenye miteremko ya katikati, na mahindi yametapakaa kila mahali. Kutoka shambani hadi lami kuna kilomita tatu, tano, hata nane za barabara ya udongo, na hizo ndizo zinazopanga bei ya mkulima. Barua hii inahusu kilomita hizo. Siombi lami nyingine. Naomba mambo madogo yanayowezekana kwa pesa ambayo tayari inatoka, kama itatoka kwa wakati wake na ikaenda mahali pake.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachopatania bei sokoni Suam, awe Msabiny, Mgisu, Mpokot au mnunuzi wa kutoka Kitale. Tena Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kwa hiyo sitarajii ofisi yoyote iseme haikuelewa.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika, njia yenyewe ni hii. Ukitoka Mbale unapita Sironko, unafika Muyembe, hapo unaanza kupanda. Unapita maporomoko ya Sipi, ambako watalii husimama kupiga picha, na unaingia mjini Kapchorwa. Kwa miaka mingi lami iliishia hapo. Mbele yake ilikuwa ni udongo tu, ukikata ubavu wa mlima kupitia Kween na msitu wa misonobari wa Kapkwata, kisha ukiteremka kwenda Bukwo na kuishia Mto Suam, ambao ng'ambo yake ni Kenya. Wazungu walipoleta utawala huku, waliuleta kwa mikono ya mawakala wa Kiganda waliotokana na himaya ya Semei Kakungulu pale Mbale, na barabara za mwanzo zilichimbwa kwa majembe na watu waliolazimishwa. Sebei yenyewe ilikuwa chini ya wilaya ya Bugisu hadi 1962, ilipopewa wilaya yake. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo kila kitu kilitazama Mbale: ofisi zilikuwa huko, reli ilikuwa huko, na chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Bugisu, kilichoanzishwa 1954, kilikuwa huko. Ukiwa Tingey, kaunti iliyo karibu na Kapchorwa, hilo halikukusumbua sana. Ukiwa Kongasis, ambayo leo ni Bukwo, Mbale ilikuwa mbali kuliko Kitale.

Jambo hili la Kitale nataka mlitie maanani, kwa sababu linaeleza mengi. Zamani mvua zikianza, mtu wa Bukwo mwenye safari ya Kampala alivuka Suam, akaenda Kitale, akazunguka ndani ya Kenya na kuingia tena Uganda kupitia mpaka wa chini. Alitoka nchini mwake ili afike mji mkuu wa nchi yake. Shilingi ya Kenya ilikuwa mfukoni mwa kila mtu, na hadi leo bado ipo. Mahindi yetu yakawa yanauzwa kwa wanunuzi wa Kenya, nao walikuja na malori yao mpaka pale lori linapoweza kufika, hawaongezi hata hatua. Na pale lori linaposimama ndipo bei inapozaliwa.

Huko ndiko nataka tukae kidogo.

Mnunuzi akiwa kwenye lami, bei anayotaja ni ya lami. Mkulima aliye juu anatoa mwenyewe gharama ya kushusha. Kwa kawaida mshushaji ni punda. Gunia la kilo mia halipakiwi zima mgongoni mwa punda. Linafunguliwa, linagawanywa nusu kila ubavu, na likifika chini linafungwa tena, na hapo dalali anasema halijajaa, liongezwe kichwa. Ndivyo lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inavyotengenezwa. Mvua ikinyesha, bei ya punda hupanda, na mwenye punda ana haki yake, kwa sababu mnyama akiteleza akavunjika mguu hakuna atakayemlipa. Bodaboda ndiyo kabisa, dereva anaangalia tu mteremko halafu anawasha pikipiki kurudi alikotoka. Hivyo mwezi uleule ambao viazi ni vingi, ndio mwezi ambao kuviteremsha ni ghali kuliko kuvilima.

Kahawa ina shida ya aina nyingine. Buni mbivu za arabika zinatakiwa kumenywa siku hiyohiyo iliyochumwa, kabla hazijaanza kuchacha. Kiwanda kidogo cha kumenyea kikiwa upande wa pili wa korongo lililojaa maji, mkulima hana budi kuchagua: amenye nyumbani kwa mashine ya mkono na maji ya ndoo, au amuuzie mtu wa kati aliyevaa gambuti na kupanda kwa miguu, kwa bei ya huyo mwenye gambuti. Kahawa ya Elgon inasifiwa nje. Sifa hiyo huanza kuharibika kwenye kilomita ya kwanza.

Na mahindi. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya vipimo na vyeti? Siku zile redioni kila mtu alizungumza kuhusu maghala na turubai za kuanikia. Sikusikia aliyetaja barabara. Sumukuvu inatokana na kuvu, na kuvu hupenda mahindi yaliyokaa na unyevu. Huku juu mahindi huvunwa mvua zikiwa hazijaisha vizuri, ukungu wa milimani unashuka kila alasiri, na mzigo unasubiri barabara ikauke ili uteremshwe kwenda kwenye jua la chini au kwenye mashine ya kukaushia. Wiki mbili za kusubiri zinatosha kuuharibu. Mtu akipimiwa mahindi pale mpakani yakakataliwa, kosa linaandikwa kwa jina la mkulima.

Sitaongeza habari za wajawazito wanaoteremshwa kwa machela. Mnazijua.

Sasa, barabara hizi ni za nani? Kisheria si za wizara, na nyingi si za wilaya pia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ilizikabidhi barabara za jamii kwa kaunti ndogo. Nchi yetu inahesabiwa kuwa na takriban kilomita 159,000 za barabara. Za taifa ni kama 21,000 hivi. Za jamii zinakaribia 80,000, yaani nusu nzima ya barabara za Uganda imepewa ngazi ya serikali yenye pesa kidogo kuliko zote, isiyo na greda wala mhandisi. Kaunti ndogo ikipata mgao wake wa mwaka, unatosha kununua kalvati chache na kufyeka majani. Siwalaumu viongozi wa kaunti ndogo; wamepewa ng'ombe bila kamba.

Mfuko wa Barabara ulipoundwa kwa sheria ya 2008, kusudi lilikuwa tozo ya mafuta ya magari iingie moja kwa moja kwenye matengenezo. Haikuwa hivyo. Pesa iliendelea kupitia Hazina na kugombaniwa kila bajeti. Miaka ya karibuni serikali imeanza kupeleka kwa kila wilaya shilingi bilioni moja kwa mwaka kwa ajili ya barabara, na hili ni jema, nalitaja kwa sababu ndilo linalonipa ujasiri wa kuandika. Pesa ipo. Swali langu ni mwezi gani inafika, na inapofika inafanya nini.

Tazameni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Mvua zetu huanza Machi au Aprili, na huku juu hazikatiki vizuri hadi Oktoba au Novemba. Pesa ya robo ya kwanza ikishateremka wilayani, makaratasi yakasainiwa na mafuta yakanunuliwa, ni Agosti au Septemba, katikati ya matope. Januari hadi Machi, ambapo udongo umekauka na kila mhandisi angetamani kufanya kazi, mara nyingi greda liko mahali pengine au linasubiri kipuri. Halafu inakuja robo ya mwisho. Pesa isiyotumika hadi Juni 30 inarudi Hazina, na hakuna ofisa anayependa kurudisha pesa. Basi mwezi wa tano, mvua ikiwa imeshika kasi, tunasikia muungurumo: greda limekuja! Watoto wanakimbia kulishangilia. Linakwangua ule ugumu wa juu ambao magurudumu na miguu ya ng'ombe imeushindilia kwa miezi, linaacha udongo laini, linageuza na kuteremka. Mvua ya usiku huo inaubeba udongo wote hadi mtoni. Kwenye taarifa barabara imetengenezwa. Kwetu imeondolewa ngozi.

Wahandisi watanijibu kuwa udongo mkavu kabisa haushindiliki, unahitaji maji. Ni kweli. Lakini mashine za Kijapani ambazo serikali iligawa kwa wilaya mwaka 2017 zilikuja na maboza ya maji na roli za kushindilia, si magreda peke yake. Boza moja Januari ni afadhali kuliko mawingu yote ya Mei.

Ombi la kwanza, basi, ni la kalenda. Robo mbili za mwanzo zitumike kununua kalvati, kukusanya mawe na kulipa watu wa mitaro. Greda lipande Januari. Kama kanuni za fedha hazilingani na mvua za Elgon, kanuni ndizo zinazoweza kurekebishwa Kampala.

La pili ni maji na miinuko. Changarawe kwenye mteremko mkali haikai. Unaweza kuimwaga kila mwaka na kila mwaka itateremka, kwa sababu kinachoibeba ni maji yanayokimbia katikati ya barabara, na maji hayo yanakimbia katikati kwa sababu barabara haina mgongo, mitaro imejaa, na hakuna michirizi ya kuyatoa pembeni kabla hayajapata nguvu. Barabara ya kilomita sita huwa haiharibiki kote. Inaharibika kwenye miinuko miwili mitatu na kwenye kijito kimoja. Lori linalozuiwa na mita mia mbili limezuiwa kwa kilomita zote sita. Basi pesa iende kwenye hizo mita mia mbili: tandikeni mawe yaliyopangwa kwa mkono, au mistari miwili ya zege ambayo magurudumu yatapita, au lami nyepesi ya gharama ndogo. Sehemu tambarare mtuachie na udongo wake, tutavumilia.

Haya siyatoi kichwani mwangu. Wizara yenyewe ina chuo Mbale, kile cha Mount Elgon cha kufundishia ujenzi wa barabara kwa nguvu kazi ya watu, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifundisha wakandarasi wadogo na maofisa wa wilaya namna ya kutengeneza barabara za vijijini kwa mawe, majembe, mashine ndogo na tabaka jepesi la lami. Chuo kina jina la mlima wetu na kiko chini ya mlima wetu. Wanaosoma pale wanatoka pembe zote za nchi, na nina hakika wanapomaliza wanajua kutibu mteremko kuliko mimi. Ningeomba kila mwaka mafunzo ya vitendo yafanyike kwenye miinuko halisi ya Sebei, wanafunzi wajifunze na sisi tubaki na barabara. Hasa sasa ambapo Mamlaka ya Barabara za Taifa, iliyoanza kazi 2008, imevunjwa na kazi zake kurudishwa wizarani, yule anayetunza lami ya Suam na yule anayesimamia chuo cha Mbale wako chini ya paa moja. Hawahitaji kuandikiana barua ndefu kama hii.

La tatu ni watu. Serikali iliporudisha utaratibu wa wilaya kufanya kazi kwa mikono na mashine zake yenyewe badala ya zabuni, mwaka 2012, pamoja na greda vilirudi vikundi vya barabara: mtu anapewa kipande chake, jembe, panga na toroli, anafukua mitaro na kuziba mashimo mwaka mzima. Ni mpango mzuri kuliko greda. Tatizo ni kwamba vikundi hivyo huwekwa kwenye barabara za wilaya. Huku kwenye barabara za jamii havifiki, na hata vinapokuwepo malipo hukatika miezi kadhaa, mtu anarudi shambani kwake, na nani atamlaumu? Mtaro uliofukuliwa Aprili na kuachwa hadi Agosti umeshakuwa shamba la nyasi. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sitairudia.

Hesabu yake si kubwa. Kwenye mpango wa maendeleo wa parishi, uliozinduliwa 2022, kila parishi, ngazi ya utawala iliyo chini ya kaunti ndogo, inatengewa shilingi milioni mia moja kwa mwaka ili watu wapate mtaji wa kuzalisha. Majirani zangu wamechukua, wamepanda viazi, wamenunua kuku. Sasa mtaji wa kulima umefika na njia ya kuuzia haijafika. Sisemi mchukue pesa za parishi mkajenge barabara, hapana. Nasema gharama ya kulipa watu wachache wa mitaro katika kila parishi ni ndogo ukiilinganisha na mtaji unaooza juu ya mlima.

Kuna watu wa Kampala wanaotuona sisi wa Elgon kama watu wa kukimbia tu. Peruth Chemutai, binti wa Bukwo, alituletea dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo mwaka 2021 katika mbio za kuruka viunzi na maji, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu hiyo. Wengi walishangaa alijifunzia wapi kuruka maji. Sisi hatukushangaa.

Niseme na upande wetu, ili msione nimekuja na kidole kimoja. Wapo majirani wanaolima hadi ndani ya mtaro, kisha wanalalamika barabara imejaa tope. Wapo wanaoziba mchirizi wa maji kwa sababu unatokea kwenye migomba yao. Wapo waliogoma kutoa hatua mbili za ardhi ili kona kali inyooshwe. Hili tunaweza kulimaliza wenyewe kwa wazee na LC1, yaani baraza la kijiji, bila kusubiri waraka wa wizara, ilimradi mhandisi apite kwanza na kutuonyesha maji yaelekezwe wapi. Mkulima hawezi kukubali maji yaingizwe shambani kwake bila kujua yatatokea wapi. Mawe yako mengi, mlima wenyewe ni volkano ya zamani. Mikono ipo. Kinachokosekana ni saruji, kalvati, na mtu wa kusema hapa ndipo.

Na msiwasahau wa juu kabisa, watu wa Benet na wengine wanaokaa kwenye ukingo wa hifadhi. Tangu mlima ufanywe hifadhi ya taifa mwaka 1993 habari zao zimekuwa za mipaka na kesi, na barabara hazijapewa nafasi. Viazi bora vinatoka kwao. Kila ninachoeleza hapa, wao wanacho mara mbili.

Naomba jibu la maandishi, si la jukwaani. Nipeni orodha ya barabara za jamii katika kila kaunti ndogo ya wilaya zetu tatu zinazofika kwenye lami ya Suam, na mwinuko upi utashughulikiwa mwaka gani. Ibandikwe kwenye ofisi za kaunti ndogo, watu waisome.

Jambo la mwisho ni kuhusu ziara. Viongozi hupenda kututembelea Januari, vumbi likiwa limetulia na barabara inapitika hadi juu. Safari hii tunaomba mje mwezi wa tano, kwa gari la kawaida la abiria, mkiwa na gunia moja la viazi la kuteremsha. Mkikwama, punda wapo, bei tutaelewana.

Wenu,

Mkulima wa kahawa na viazi,
Sebei, Mlima Elgon